Kranki ya Kuazima

Walisema sitapanda baiskeli maisha yangu yote. Walianza kusema hivyo nikiwa mtoto kule Kisarawe. Waliporudia nilikuwa mtu mzima mwenye stashahada ya ufundi wa mitambo, mwenye nyumba ya vigae Mbwawa, niliyekwishasimamia karakana Maskati ambamo watu wenye miguu inayolingana walisubiri niwaambie cha kufanya.

Mara hii ya pili ilikuwa kwenye kijiwe cha mafundi baiskeli pale Mlandizi. Niliisukuma baiskeli ya marehemu baba mpaka chini ya turubai lao. Mmoja wao akaitazama miguu yangu, akawatazama wenzake.

"Injinia," akasema, "mguu mmoja uko Kibaha, mwingine uko Kisarawe. Sasa hii baiskeli itaenda wilaya gani?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana utani ukiwa mzuri ni mzuri hata ukipigwa nao wewe.

"Tumkate ule mrefu kidogo, walingane," mwingine akasema.

"Wewe si umetoka Uarabuni?" akauliza wa kwanza. "Nunua gari la otomatiki, bosi. Mle mguu wa kushoto hauna kazi, unasafiri kama abiria."

"Gari nitanunua siku nikilitaka," nikamwambia. "Sijaja kuuliza cha kununua. Nimekuja kuuliza nani kati yenu ana keekee inayotoboa chuma cha zamani."

Hakuna aliyekuwa nayo. Nikaisukuma baiskeli kurudi nyumbani, na nyuma yangu nikawasikia wakibishana kama nitaanguka upande wa Kibaha au upande wa Kisarawe.

Mguu wangu wa kushoto umepungua kwa upana wa vidole vitatu. Nilianguka kutoka kwenye mkorosho nikiwa shule ya msingi. Paja likavunjika, likafungwa vijiti nyumbani na mtu aliyezoea kufunga mikono. Lilipoanza kuunga vibaya, baba alitafuta baiskeli, akaniketisha kwenye keria, mguu umenyooshwa juu ya ubao alioufunga pembeni, akaanza kunipeleka hospitali Kibaha. Tulikwenda tukarudi, tukaenda tena, msimu wa mchanga na msimu wa tope. Sikuwahi kumwona akiipanda ile baiskeli nami nikiwa juu yake. Asingeweza, ubao wangu ulikaa mahali ambapo mguu wake ungezungukia. Aliisukuma tu, ndala zake zikikokota mchanga.

Anayezijua baiskeli anajua kwamba inayopandwa hukaa kimya, na inayosukumwa ndiyo inayosema. Ndani ya gurudumu la nyuma mna meno madogo yanayorukana pedeli zisipozungushwa: tiki, tiki, tiki. Nimelala juu ya sauti hiyo, nimelia juu yake, nimehesabu miti kwayo. Mgongo wa baba ulikuwa mbele yangu, umelowa, na chini yetu yale meno yakiongea bila kupumzika.

Alifariki nikiwa Maskati. Mama aliniambia kwa simu kwamba kabla ya kuzika, imamu alisimama kama inavyofanywa, akawatangazia watu: anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi, na awezaye kusamehe asamehe. Hakujitokeza mtu. Niliwasimulia wenzangu kule kambini kwa majivuno, na majivuno yale sikuyaona kuwa makubwa kupita kiasi. Sisi tumefundishwa kwamba roho ya mtu huning'inia kwenye deni lake mpaka lilipwe. Baba yangu, mkulima wa mihogo, ameondoka hadaiwi hata sindano. Ni wangapi wenye magorofa wanaoweza kusema hivyo?

Niliporudi nchini nilijenga Mbwawa, si Kisarawe, kwa sababu nilitaka kuwa karibu na barabara kuu na kazi. Kutoka nyumbani kwetu nilichukua kitu kimoja tu, ile baiskeli, iliyokuwa imeegemezwa kwenye ghala la mama, imefunikwa gunia. Mama aliniangalia nikiifunga juu ya pikapu. Alilikunja lile gunia, akaligusa gurudumu la nyuma.

Haikupita muda mrefu mke wangu akaniita kutoka jikoni, alasiri, jua bado kali. Yeye ni mtu wa Usukumani, wazazi wake walishuka huku na ng'ombe wao, na si mtu wa kushtuka ovyo.

"Baba watoto, nani anasukuma baiskeli huko nyuma?"

Nilikuwa nimeketi sebuleni na nilikuwa nimekwisha kusikia. Tiki, tiki, tiki, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayechagua pa kukanyaga. Nikatoka. Baiskeli ilikuwa ukutani pale pale nilipoiegemeza. Nililishika gurudumu la nyuma. Lilikuwa limetulia na lilikuwa na joto, lakini kila chuma kina joto saa kumi ya alasiri.

Nikatia mafuta mazito. Ikasikika tena. Nikapitisha kijiti katikati ya spoku ili gurudumu lisiweze kuzunguka hata kama lingesukumwa na mkono. Ikasikika tena, upande wa pili wa uzio, ikienda na kurudi, na kijiti kiko palepale. Nilitafuta sababu kama fundi. Nilichunguza bati la paa, pampu ya jirani, cherehani ya nyumba ya tatu. Mke wangu alinitazama nikipanda na kushuka ngazi.

"Kwetu," akasema, "mtu aliyekufa akija na kitu mkononi, anataka kitu hicho kifanyiwe jambo. Ipande, au iondoke hapa."

Kuiondoa sikuweza. Na fikra yake ilikuwa na mantiki niliyoielewa kabisa: baiskeli inayopandwa hukaa kimya. Basi niliamua kuipanda. Sikuwa natafuta mazoezi wala kushindana na wale wa Mlandizi. Nilitaka baba aache kusukuma.

Sasa nitaeleza nilivyofanya, kwa kuwa wapo wengi wenye miguu kama yangu wanaoambiwa wakae barazani. Kuna nchi wanakouza kranki maalumu, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedeli, zenye matundu kadhaa ya kuchagua urefu. Niliziona kwenye simu. Bei yake ni ya kuchekesha, na mimi sikusomea mitambo ili nichekwe.

Kwanza nilifunga kibao juu ya pedeli ya kushoto kwa mpira wa tyubu. Mguu ulifika chini vizuri, lakini pedeli ilipopanda juu goti lilikuja karibu na kidevu, na kibao kikageuka, kikaniangusha kwenye mchongoma wa jirani. Kosa liko wazi ukilichora kwenye karatasi. Kibao kinainua pedeli ikiwa chini, na kinaiinua vilevile ikiwa juu. Kranki fupi ni tofauti: inaipandisha pedeli ikiwa chini, na inaishusha ikiwa juu. Mguu mfupi unahitaji duara dogo. Kurefushiwa kiatu peke yake hakutoshi.

Basi nikaokota kranki ya baiskeli ya mtoto kwenye vyuma chakavu. Ilikuwa fupi mno, na pini ya kuikazia kwenye ekseli ilikuwa nyembamba. Niliichonga kwa tupa, nikaichonga upande usio wake, na zile kranki mbili badala ya kutazamana sawasawa zikapishana kama watu waliokosana sokoni. Nikaitupa. Za dukani za siku hizi nazo ni laini, ukizitoboa zinapasuka. Chuma cha kweli kilikuwa kwenye baiskeli yenyewe, ile kranki ya kushoto ya zamani, nzito, nyeusi. Nikaifungua, nikachomelea kipande cha chuma nyuma yake kuipa unene, nikatoboa tundu la pili juu kidogo ya lile la kwanza, kwa keekee niliyoipata hatimaye kwa mchomeleaji.

Wengi hukwama hapo, kwa sababu pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, na chombo cha kuchonga nyuzi za kinyume, ile mikato ya skrubu ndani ya tundu, huwezi kukipata Kibaha nzima. Mimi nilichukua ekseli ya pedeli kuukuu ya kushoto, nikaichimba mifereji kwa grinda, nikaipasha moto ikawa nyekundu, nikaizamisha kwenye mafuta. Ikawa ndiyo chombo. Niliizungusha ndani ya lile tundu taratibu, robo mbele, kidogo nyuma, mafuta, robo tena, na nyuzi zikatoka safi. Sikufundishwa na mtu. Nusu ya upungufu wa mguu niliiweka kwenye kranki, nusu iliyobaki nikaiongeza kwenye soli ya kiatu kwa mpira wa tairi. Gharama yote haikufikia bei ya kuku wa kienyeji.

Nilijifunzia kwenye njia ya mashamba kuelekea Janga, ambako hakuna watazamaji ila ng'ombe. Wiki hiyo hiyo nilipita Mlandizi mbele ya kijiwe bila kupunguza mwendo.

"Kumbe inaenda wilaya zote," nikamsikia yule wa kwanza akisema.

Ningependa kuishia hapo. Jioni ile nilirudi, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaingia kuoga. Nilipoyafunga maji ili nijipake sabuni, nilisikia nyuma ya ukuta: tiki, tiki, tiki.

Nikasema labda anataka niifikishe kwao. Ijumaa iliyofuata nilianza safari ya Kisarawe mapema, nikikatiza kwa njia za vumbi, njia zile zile. Nilishuka nikapumzika mara nyingi, sioni aibu kusema. Nilipokaribia kijijini kwetu, mzee mmoja aliyekuwa akianika mihogo kando ya njia aliinua mkono. Nilimkumbuka kwa mbali, alikuwa rafiki wa baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mguu." Hakuuliza, alisema tu. Kisha akainama, akapapasa spoku za nyuma kama mtu anayekagua meno ya mbuzi. "Gurudumu hili umelipata wapi?"

"Hii ni baiskeli ya marehemu baba."

"Sijakuuliza baiskeli. Nimekuuliza gurudumu."

Nikainama kulitazama.

"Ni langu," akasema. "Nilimwazima."

Damu ilinipanda. Nilimuuliza, kwa adabu lakini kwa sauti, kwa nini hakusimama siku ya mazishi imamu alipouliza.

"Imamu aliuliza nani anamdai," akajibu. "Mimi simdai. Angenikopa, ningemdai. Mtu akikukopa unga anakurudishia unga mwingine, na hela ni hivyo hivyo. Mtu akiazima jembe kwako anakurudishia jembe lako. Sasa pale makaburini nisimame niseme namdai? Ningemwongopea marehemu. Mimi nilikuwa nalisubiri gurudumu langu."

"Basi nipe bei yake, mzee, nikulipe sasa hivi, na kitu juu yake."

Alicheka bila sauti. "Kijana, unasikia lakini husikii. Sijakopesha."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Sikukaa. Nilimuuliza ni kipi kwenye baiskeli ile kilikuwa cha baba. Aliendelea kupepeta mpaka mchele ukawa safi.

"Fremu na usukani," akasema. "Gurudumu la mbele alinunua siku ile ile. La nyuma la rafiki yake. Keria ya muuza nazi hapo chini. Kranki zote mbili na cheni za yule fundi aliyekuwa karibu na kisima, Mungu amrehemu. Ulikuwa unalia na mguu, mwanangu. Baba yako alizunguka akaiunga baiskeli kwa siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetuma hela."

Nilielewa basi ni nini nilichokuwa nikikisikia. Nilikuwa nimempa sifa baba kwamba ameondoka mwepesi, kumbe ameondoka na vitu vya watu mikononi, na mimi nikavibeba kwenye pikapu nikaenda navyo wilaya nyingine, mbali na wenyewe. Alikuwa hasukumi kuja kwangu. Alikuwa anasukuma kurudi kwao, na kila mara anaishia kwenye uzio wangu.

Nilirudi Mbwawa kwa gari, baiskeli nikaiacha kwa mama. Nilinunua gurudumu jipya, keria mpya, cheni mpya. Nilitafuta kranki kuukuu za chuma kizuri, nikapata jozi kwa muuza vyuma chakavu, nikatoboa ya kushoto upya. Mara ya pili kazi ilikuwa rahisi, ningeweza kuifanya nimefumba macho. Nilikwenda navyo Kisarawe, nikaifungua baiskeli ya baba barazani kwa mama, nikaiunga upya, na vile vilivyofunguliwa nikaviosha kwa mafuta ya taa.

Mzee wa mihogo alilipokea gurudumu lake, akalizungusha hewani, likatoa ile sauti. Akalisikiliza mpaka likasimama. "Linasema bado," akasema, akaenda kulitundika ndani. Muuza nazi alikuwa amehamia kwa binti yake. Nilimfuata, naye aliichukua keria, akasema alikuwa amekwisha kuisahau lakini mkono wake haujaisahau.

Nilirudi Mbwawa. Yale meno hayakusikika tena. Siku ya kwanza nilimwambia mke wangu, "Umeona? Kazi ya kisomi hiyo." Alikuwa ameinua kidole. Nyuma ya uzio, kwa mwendo ule ule wa kuchagua pa kukanyaga, zilipita ndala. Ndala peke yake, zikikokota mchanga, bila gurudumu.

Zilikuwa zimebaki kranki.

Lakini moja ilikuwa na tundu langu. Jambo hilo lilininyima raha kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Kitu cha kuazima hurudishwa chenyewe, na hiki hakikuwa chenyewe tena. Nilifikiri kuliziba tundu kwa kuchomelea, kulisaga na kulipaka rangi nyeusi. Ningeweza kulificha, mkono wangu unatosha kabisa kwa hilo. Lakini ningekuwa namrudishia nani, na nani angekuwa amepokea nini? Nikaziacha kama zilivyo, nikarudi Kisarawe, nikazifunga kwenye kanga pamoja na cheni, nikazibana kwenye keria mpya, nikapanda baiskeli kutoka kwa mama mpaka karibu na kisima.

Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Alikuwepo mjane wake, bibi aliyekonda, macho yake bado makali. Nilimwamkia, nikajieleza, nikafungua kanga juu ya mkeka. Alichukua kranki ya kulia, akaipima kwa kiganja, akaiweka upande. Alichukua ya kushoto. Kidole chake kikapita kwenye tundu la kwanza, kikasimama kwenye la pili.

"Hili silijui."

"Ni langu, bibi. Nilitoboa kabla sijajua kwamba ni ya kuazima. Mguu wangu ni mfupi, pedeli ilibidi ije karibu. Nimeleta na nyingine nzima iwe fidia, ukitaka."

"Sitaki." Alikuwa bado ameshika tundu. "Baba yako hakukwambia aliazima mpaka lini?"

"Sikujua kama ilikuwa na mpaka."

"Ilikuwa nao. Alisimama hapo ulipokaa wewe, umelala kwenye mgongo wake. Mume wangu akamuuliza, utazirudisha lini. Akasema, mtoto akipona. Wote waliomwazima aliwaambia hivyo hivyo. Tulikuwa tukimwona anapita, na wewe unapita nyuma yake unachechemea, mwaka huu, mwaka ujao. Mume wangu akawa anasema, haujafika wakati wake. Hata siku tulipomzika baba yako alisema hivyo."

Alinitazama. "Umepona?"

Maisha yangu yote nimelijibu swali hilo kwa vitu. Nimelijibu kwa cheti, kwa nyumba, kwa karakana ya Maskati, kwa kupita Mlandizi bila kupunguza mwendo. Pale mkekani hakukuwa na kimoja kati ya hivyo ambacho kingemsaidia yule bibi. Mguu ulikuwa mfupi kama ulivyokuwa siku ile nimelala mgongoni kwa baba. Kama ningesema bado, muda wa kuazima usingekwisha, na baba angeendelea na zile ndala zake. Kama ningesema nimepona ili tu nimwondoe pale, ningekuwa nimemtua mzigo kwa uongo.

"Nimepona, bibi," nikasema, na niliposikia sauti yangu nilijua kwamba ilikuwa kweli, na kwamba ilikuwa kweli kwa muda mrefu na hakuna aliyekuwa ameambiwa.

"Simama. Tembea mpaka mlangoni nikuone."

Mbele za watu huwa natembea kwa ncha ya mguu wa kushoto ili mabega yalingane. Safari hii niliiacha miguu iende inavyojua, bega likapanda, likashuka, mpaka kwenye kizingiti, nikageuka nikarudi.

Yeye hakuwa akiitazama miguu. Alikuwa ameziweka kranki mapajani, mkono juu yake, na alikuwa akitazama nyuma ya bega langu, pale mlangoni nilipotoka, kwa uso wa mtu anayemkaribisha mgeni aliyemfahamu.

"Haya," akasema, si kwangu. "Nimepokea. Nenda kapumzike."

Sikugeuka. Niliokota kanga, nikaikunja, nikasubiri mpaka alipoyarudisha macho yake kwangu. Siku hiyo nilimaliza kumrudishia kila mtu.